Mm ya Fundi Kimya

Mjinga wa siku ile alikuwa Fundi Kimya mwenyewe, tusimsingizie mtu mwingine. Mtu mzima, mwenye mke na mvi zake, aliulizwa swali la maana akiwa na misumari saba mdomoni, na badala ya kuitema kwanza akajibu, "Mm." Mm hiyo ikamponza kuliko maneno yote ambayo hajawahi kuyasema.

Misumari mdomoni haikuwa wazimu. Fundi viatu anapopigilia soli hana mkono wa tatu: mmoja umeshika kiatu, mwingine nyundo. Kwa hiyo misumari hukaa mdomoni, na ulimi husukuma mmoja mmoja nje ya midomo kila unapohitajika, kama keshia anayetoa risiti. Miaka kumi na minane ya kazi hiyo ilimpa jina la Kimya, na watu wakaamini ni mpole. Hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa amejaa vyuma.

Mtu pekee aliyejua kumsoma alikuwa mkewe, Mama Zipu, aliyekaa ubavuni mwake na cherehani, akibadilisha zipu za mabegi na kuongea kwa niaba ya wote wawili. Mama Zipu alizijua mm za mumewe zote tatu. Ile fupi ni ndiyo. Ile ya kuvuta ni hapana. Ile inayopanda mwishoni maana yake, ondoka mbele yangu nisije nikameza msumari.

Walifanyia kazi uvunguni mwa ngazi ya ghorofa, ubavuni mwa duka kubwa la viatu. Uvungu huo ulikuwa wa mwenye duka, aliyepanga ghorofa ya chini yote pamoja na hewa yake. Mtaani walimwita Bwana Punguzo, kwa kuwa punguzo lake la mwisho wa mwaka lilianza mwezi wa pili. Makubaliano yao yalikuwa mepesi: Kimya akae bure, naye viatu vya dukani vikibanduka kabla ya kuuzwa, avipake gundi pembeni na kuvirudisha kwenye rafu. Miaka sita alipaka. Hakuuliza kwa nini kiatu kipya kinabanduka kikiwa kimekaa tu. Akiletewa pea kumi, alisema mm, ile fupi.

Habari za mtandao alizianzisha Mama Zipu. Ngazi ilipojengewa ukuta wa mbele, uvungu ukawa pango, na wapita njia wakaacha kuwaona.

"Tufungue ukurasa," alisema.

Siku hiyo Kimya hakuwa na misumari mdomoni, ndiyo maana alijibu kama msomi. "Mke wangu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Kizuri chajiuza kikionekana, baba. Chako kimekaa pangoni kama popo."

Mwezi wa kwanza ulikuwa aibu tupu. Kimya alipakua picha za viatu vinavyong'aa, vya nchi asizozijua, akaandika chini yake, *Karibuni wateja wetu wapendwa*, akiwa hana mteja hata wa kumchukia. Alipata laiki mbili. Moja ilikuwa ya Mama Zipu. Ya pili pia ilikuwa ya Mama Zipu, kwa simu ya dada yake. Kisha akatokea bwana mmoja aliyesafiri kwa basi kufuata kiatu cha kahawia alichokiona kwenye picha. Kimya akamweleza kwamba kile kiatu hata yeye hajawahi kukiona. Yule bwana akasema kwa upole, "Sasa wewe unauza nini, macho?"

Neno hilo lilimkaa. Kesho yake akafuta picha zote za kuazima. Akapiga picha kiatu kilichokuwa mapajani mwake, kiatu cha mwalimu, kisigino kimelika upande mmoja, na jioni akiwa amekunywa chai akaandika: *Mwenye kiatu hiki huegemea upande wa kushoto. Ni mwalimu, upande wa kushoto ndiko ubao uliko. Nimeongeza ngozi ya milimita nne. Kesho ataona ubao umeshuka.* Akaupa ukurasa jina, Soli Inasema.

Ikawa kama bomba limefunguliwa. Mtu asiyesema neno mchana kutwa, jioni alikuwa na hadithi ya kila kiatu. Aliandika jinsi ya kujua gundi iliyokauka vizuri, kwa nini usianike kiatu cha ngozi juani, na namna sindano ya kushonea mpira inavyokasirika ikipelekwa haraka. Aliandika hata makosa yake: *Leo nimeshona kiatu cha kulia kwa uzi wa kushoto. Mwenye nacho hajagundua. Akisoma hapa, aje nimrekebishie, na asije na ndugu zake.* Mwenye nacho alikuja, na ndugu zake wakaja pia, kila mmoja na kiatu. Pangoni kukawa na foleni.

"Gazeti lako linasomwa," alisema Mama Zipu. "Andika na zipu basi. Au zipu hazina soli?"

Basi ikafika Jumatatu ya nesi.

Nesi alikuja akitembea kama bata, mguu mmoja una kiatu na mwingine umefungwa mfuko wa plastiki. Kiatu cha pili alikuwa nacho mkononi.

"Fundi, wiki tatu tu. Nimepita kwenye korido iliyopigwa deki, kikavimba kama mkate. Wagonjwa wamenicheka mpaka mmoja akashonwa upya."

"Umekinunua wapi, mama?"

Nesi akanyoosha kidole juu ya kichwa cha fundi, kwenye ukuta wa duka. "Hapo. Nikaambiwa ni cha boksi."

Juu ya mlango wa Bwana Punguzo kulikuwa na bango jekundu refu kuliko mlango wenyewe: VIATU VYETU VYOTE NI VYA BOKSI! Maana yake ilijulikana na kila mtu: si mitumba, havijavaliwa, vimetoka kwenye boksi lake na karatasi yake.

Kimya akachukua kisu. Miaka sita alikuwa akivipaka viatu hivyo gundi pembeni bila kuvifungua, kama mtu anayefunga barua asizozisoma. Leo akafungua. Chini ya kitambaa cha ndani, mahali ambapo ngozi ngumu ilipaswa kukaa, palikuwa na kipande cha kadibodi ya kahawia iliyolowana, ile ya kufungashia bidhaa. Kilikuwa bado na maandishi yake ya kiwandani. Alikifuta kwa kidole. Kulikuwa na picha ya kamwavuli, na chini yake neno USILOWANISHE.

Nesi akainama, akasoma. Kisha akacheka cheko la mtu aliyeibiwa na mwizi mwenye adabu. "Kumbe walinionya!"

"Naweza kuandika?" aliuliza Kimya.

"Andika. Weka na jina langu ukitaka. Mimi nimeshachekwa, sasa zamu ya wengine."

Jina hakuliweka, wala la duka. Aliweka picha ya kamwavuli na mistari michache: *Nesi aliambiwa kiatu chake ni cha boksi. Nimekifungua. Muuzaji hakusema uongo.*

Kufikia Jumatano mistari hiyo ilikuwa imesambazwa na watu ambao Kimya hakujua hata wanavaa saizi gani. Kwenye komenti mmoja aliandika, *Kibaya chajitembeza, lakini viatu hivi hata kujitembeza haviwezi.* Mwingine akauliza kama ukivaa mvua ikinyesha, kale kamwavuli kanafunguka kenyewe. Duka halikutajwa, lakini bango jekundu lilikuwa moja tu mjini. Pangoni wakaanza kuja watu na viatu vipya kabisa, wakitaka vifunguliwe. Vilikutwa na boksi la sabuni, boksi la juisi, na kimoja kilikuwa na neno DHAIFU kwenye kisigino.

Siku hiyohiyo ya Jumatano Bwana Punguzo akajitokeza mlangoni mwa pango. Mama Zipu alikuwa ameenda kununua uzi. Kimya alikuwa ameinama juu ya buti la dereva, misumari saba mdomoni, gundi imefikia pale ambapo ukichelewa inakauka na kazi inaanza upya.

"Fundi wangu," alisema Bwana Punguzo, kwa ile sauti ya kumwuzia mtu saizi isiyomtosha. "Sina ugomvi na wewe. Kalamu imekuteleza, ni ubinadamu. Kesho saa nne uje dukani, tutaenda laivu kwenye ukurasa wetu, useme ulikosea, useme kipande kile kilikuwa chako. Halafu ufute. Maisha yaendelee. Au hupendi tena uvungu wangu? Umenielewa?"

Kimya alisikia maneno "umenielewa" na "uvungu". Nyundo ilikuwa hewani.

"Mm," akasema. Ilikuwa ile ya kupanda mwishoni, ya ondoka nisimeze msumari. Lakini kwa misumari saba, mm zote hutoka sura moja.

"Kwa hiyo kesho saa nne?"

"Mm."

"Muungwana wewe!" Bwana Punguzo akampiga bega, akaondoka. Msumari mmoja ukamchoma Kimya kwenye ufizi, na huo ulikuwa mwanzo tu.

Mama Zipu alirudi na uzi wake, na simu ikiwa imetangulia mbele yake kama tochi. "Hebu nisomee hii, baba, labda mimi macho yangu yameingia mafuta."

Kwenye ukurasa wa duka kulikuwa na picha ya Kimya, imepigwa kwa pembeni, ameinama. Chini yake: *Fundi amekiri alikosea. Kesho saa nne asubuhi atawaomba radhi LAIVU. Usikose! Punguzo maalumu kwa watakaoshea.*

"Mimi?" alisema Kimya. "Sijakiri neno lolote!"

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukajibu?"

Kimya akatazama buti la dereva.

"Usiniambie ulisema mm."

Kimya akagusa ufizi uliochomwa.

"Mungu wangu. Mara ngapi?"

"Mbili."

Mama Zipu akaketi kwenye cherehani yake, na kwa mara ya kwanza tangu waoane akakosa neno kwa muda wa kuhesabu hadi tano. Alipolipata lilikuwa refu. "Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema. Mimi nikaolewa nikiusubiri huo mshindo. Kumbe mshindo wenyewe ni mm!"

"Nitapita asubuhi nimwambie hakunielewa."

"Utamwambia yeye. Na hawa?" Akamgeuzia simu. Chini ya picha komenti zilikuwa zinamiminika. *Kimya kanyamazishwa. Nilijua tu ilikuwa kiki. Soli imesema, sasa imekula maneno yake.* Na katikati yao mmoja, mfupi, wa nesi: *Fundi, kwa hiyo mimi ndiye mwongo?*

Hilo lilimpata pabaya kuliko msumari. Komenti za watu ni kelele za soko, zinapita. Lakini nesi alikuwa ametoka hapo na mfuko wa plastiki mguuni, akamwamini, akarudi kazini kusema kwa sauti yale ambayo Kimya aliyaandika. Ukurasa wote ulisimama juu ya hilo moja: kwamba soli ikisema, inasema kweli. Akiomba radhi kesho, kila kiatu alichowahi kukisimulia kitageuka kuwa picha ya kuazima, na yule bwana wa kiatu cha kahawia atakuwa amemwuliza swali lililo sahihi. Asipoomba, pango halipo.

"Tukitoka hapa tutaenda wapi?" aliuliza.

"Nyumbani tuna sebule ya mbele, ina dirisha la barabarani, na makochi ambayo hakuna anayeyakalia isipokuwa dada yako akija kunisema."

"Wateja watatujuaje?"

Mama Zipu akamwangalia kama zipu iliyokosa meno. "Wewe mwanamume, wakati wa foleni ile, nani alituona kutoka barabarani? Si wote walikuja wameshika simu wakiuliza, ndiyo hapa kwa Soli Inasema? Hili pango halijakuletea mteja tangu lijengewe ukuta. Unaogopa kufukuzwa mahali ambapo huonekani?"

"Mm," alisema Kimya.

"Ipi hiyo?"

"Fupi."

Walihama asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, kwa mkokoteni mmoja: cherehani, chuma chenye umbo la mguu, makopo ya gundi, na viatu vya watu vilivyofungwa pea kwa pea kwa kamba ili visigombane njiani. Kimya akafagia uvungu, kona kwa kona.

"Unafagia nini, unahama!"

"Mchama ago hanyele."

"Hutarudi hapa, baba."

"Sirudi. Ila nataka akija kutafuta uchafu wangu asiupate."

Akapiga picha uvungu mtupu, akaandika: *Tumehama. Dirisha la bluu, mkabala na shule ya msingi. Kabla sijafika huko nina miadi saa nne. Njooni muone.* Halafu, kwa hofu tu, kwa mazoea ya miaka kumi na minane, akachota misumari akaitia mdomoni.

"Iteme," alisema Mama Zipu.

Akatikisa kichwa. Bila misumari mdomoni asingejua aweke wapi ulimi.

"Sawa. Lakini nakuapia, ukisema mm leo, nakubadilisha kama zipu."

Saa nne dukani kulikuwa kumepambwa. Meza ina kitambaa cheupe, maua ya plastiki, pea tatu za viatu zimeegemezwa kama waheshimiwa. Keshia wa duka ameshika simu, taa yake inawaka. Watu walikuwa wamejaa kutoka mlangoni mpaka barabarani, na nesi alikuwa mbele, amevaa viatu ambavyo Kimya mwenyewe alivitia soli ya mpira, mikono ameikunja.

"Usizime mpaka nikuambie mimi," Bwana Punguzo akamnong'oneza keshia, kisha akageukia simu na meno yote. "Wateja wetu wapendwa! Huyu ndiye fundi wetu, mtu muungwana, mtu wa watu. Ana neno. Fundi, si una neno?"

Wote walisubiri mm.

Kimya akainamia meza. Akatema msumari wa kwanza kwenye kitambaa cheupe. *Ti.* Wa pili. *Ti.* Akaitema yote saba bila haraka, na kwa kila mmoja tabasamu la Bwana Punguzo lilipungua, nalo likawa punguzo la kwanza la kweli kutolewa na duka lile.

"Ninalo," alisema Kimya. Sauti yake ilikuwa nene kuliko watu walivyodhani. "Nimekuja kuomba radhi."

Nesi akashusha mikono.

"Miaka sita nimevipaka viatu vya duka hili gundi kabla hamjavinunua. Nilipewa pa kukaa, nikapewa na sababu ya kutouliza. Sikufungua hata kimoja. Kwa hilo naomba radhi, na ninaowaomba ni nyinyi mliovivaa. Mtu yeyote aliye nacho, akilete dirisha la bluu. Nitakifungua mbele yake, na kilichomo nitakiandika."

Nje mtu akapiga mluzi. Nesi akacheka, lile cheko lake.

"Zima!" Bwana Punguzo alimwambia keshia.

"Umeniambia laivu, bosi. Laivu ikishatoka imetoka," alisema keshia, na simu haikutetereka. Kimya alikuwa amemtilia soli mara mbili mwaka huo. Keshia alikuwa akija kwa mlango wa nyuma, bosi asimwone.

"Kwa hiyo hivyo ndivyo tulivyokubaliana?" Bwana Punguzo alimsogelea, uso umeiva. "Nilikuuliza mbele ya macho yako! Ulisema mm!"

"Nilikuwa na misumari saba mdomoni. Hata ungeniuliza kama mimi ni mbuzi ningesema mm."

"Uvungu wangu utanipa leo!"

"Umeshapata, tangu alfajiri. Nimefagia."

"Na wateja? Nani atakuona huko kwenye dirisha lako?"

Kimya akanyoosha kidole kuelekea mlangoni. Mikono ilikuwa juu, kila mmoja na simu, taa ndogondogo zinamtazama.

Bwana Punguzo akageuka, akaziona, akageuka tena. Sasa hakuwa anauza kitu. "Sikiliza wewe mshona viatu. Duka ninalo, mwanasheria ninaye. Umelitia doa duka langu kwa neno moja la kihuni. Boksi! Mji mzima unaniita Boksi! Hutoki hapa mpaka umelifuta hilo neno!"

Kimya akaokota misumari yake mezani, mmoja mmoja, akaitia mfukoni badala ya mdomoni. Akatoka hadi mlangoni, watu wakampisha, akatazama juu.

"Neno ni lako, bosi, na umeliandika kwa herufi kubwa kuliko mlango," alisema. "Lete ngazi uanze kufuta la kwako, la kwangu litafuata."